Kutoka Masjala hadi Wingu: Historia ya Uhifadhi wa Nyaraka katika Ofisi za Mawakili wa Tanzania na Kenya

Ikisiri

Insha hii inafuatilia safari ya nyaraka za mawakili wa Tanzania na Kenya kutoka jalada la karatasi hadi hifadhi ya wingu. Hoja yake ni kwamba manufaa ya teknolojia hiyo kwa ofisi za uwakili hayapimwi kwa kasi na unafuu wa gharama pekee, bali kwa namna inavyosaidia au kuhatarisha jukumu la zamani la wakili la kutunza siri na hati za mteja wake. Insha inaonyesha pia kwamba katika nchi hizi mbili mahakama ndizo zilizotangulia kuingia katika mifumo ya kielektroniki, na mawakili wakalazimika kuzifuata.

1.0 Utangulizi

Wingu, kwa maana inayotumiwa na mafundi wa kompyuta, ni kompyuta za mtu mwingine zilizo mbali, ambazo mtumiaji huzifikia kwa njia ya intaneti na kuzilipia kadiri anavyozitumia. Jina lenyewe lina upotoshaji kidogo, kwa kuwa hakuna kinachoelea angani. Kuna majengo makubwa yaliyojaa seva, mitambo ya kupoza joto, majenereta, na mikongo inayolala chini ya bahari. Mtu anayesema kwamba faili la mteja wake liko kwenye wingu anasema, kwa maneno mengine, kwamba liko katika jengo asilolijua, chini ya ulinzi wa watu asiowafahamu, na pengine katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1961, katika maadhimisho ya miaka 100 ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, mwanasayansi John McCarthy alieleza kwamba huenda siku moja huduma ya kompyuta ikauzwa kwa umma kama inavyouzwa huduma ya simu. Ilichukua miaka 45 kabla ya wazo hilo kuwa biashara ya kawaida, pale kampuni ya Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na uwezo wa kompyuta kwa mtu yeyote mwenye kadi ya benki. Kwa wakili wa Moshi, Kisumu au Mtwara, hata hivyo, tarehe hizo hazielezi mengi. Historia yake inaanzia mahali pengine kabisa, yaani katika kabati la mbao na masjala ya mahakama.

2.0 Jalada la karatasi na urithi wake

Sheria zilizoongoza uhifadhi wa hati za mawakili wa Afrika Mashariki zilivuka Bahari ya Hindi. Utawala wa Kiingereza ulizileta Kenya na Tanganyika sheria zilizotungwa kwa ajili ya India. Miongoni mwake ilikuwa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo katika kifungu chake cha 126 ilimzuia wakili kufichua mawasiliano ya mteja wake bila ridhaa ya mteja huyo. Kenya ilitunga sheria yake ya ushahidi mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967, na zote mbili zikaendeleza kanuni hiyo. Inafaa kuzingatiwa kwamba kanuni hiyo haikutaja kabati, kufuli wala karatasi. Ilimtaja wakili. Siri ilikuwa juu ya mtu, na mahali pa kuiweka paliachwa kwa busara yake.

Katika utendaji, busara hiyo ilizaa ofisi yenye sura iliyojulikana kila mahali. Kila mteja alikuwa na jalada lake la karatasi ngumu lililofungwa kwa utepe, lenye namba iliyoandikwa katika daftari kubwa. Hati muhimu, kama hatimiliki na wosia, zilifungiwa kwenye sanduku la chuma. Karani mkuu ndiye aliyekuwa kumbukumbu hai ya ofisi, maana alijua jalada lipi liko juu ya meza ya nani, lipi limekwenda mahakamani, na lipi limemalizika lakini mteja hajalipa. Ofisi nyingi zilikuwa hodari au dhaifu kulingana na karani huyo. Alipostaafu au kufariki, sehemu ya ofisi iliondoka naye.

Maadui wa mfumo huo walikuwa mchwa, panya, maji ya mvua, moto, na unyevunyevu wa pwani unaogandisha karatasi. Lakini adui aliyelalamikiwa zaidi hakuwa ndani ya ofisi ya wakili. Alikuwa katika masjala ya mahakama. Malalamiko ya majalada kupotea, kwa bahati mbaya au kwa hila, yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku ya mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam kwa miongo mingi. Jalada likipotea, shauri lilisimama, na wakili alitakiwa kutoa nakala zake ili jalada jipya lijengwe upya. Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya ofisi iliyotunza nakala.

Ripoti za hukumu nazo zilipita katika misukosuko. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa na mfululizo wake wa ripoti, na ule uliochapishwa kuanzia 1957 hadi 1975 bado unanukuliwa mahakamani hadi leo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo nayo ilikufa. Kenya ikaanzisha Mahakama ya Rufaa yake mwaka huohuo, na Tanzania ikaanzisha Mahakama ya Rufani mwaka 1979. Uchapishaji wa ripoti za hukumu katika nchi zote mbili uliyumba baada ya hapo. Wakili aliyekuwa na nakala ya hukumu ambayo haikuchapishwa alikuwa na silaha ambayo mpinzani wake hakuwa nayo. Kwa hiyo, ofisi kubwa za mijini zilikusanya hukumu kama watu wanavyokusanya mali, na ofisi changa za mikoani zilikopa, zikaomba, au zikaenda mahakamani bila hukumu hizo.

3.0 Mashine ya mbali inaingia kwenye sheria

Mwezi Aprili 1973, kampuni ya Marekani ya Mead Data Central ilianza kuuza huduma iliyoitwa Lexis. Mradi huo ulitokana na juhudi za chama cha mawakili wa jimbo la Ohio. Wakili alikaa mbele ya mtambo maalumu uliounganishwa kwa njia ya simu na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali, akaandika maneno aliyoyatafuta, na hukumu zenye maneno hayo zikamtokea kwenye kioo. Mwanzoni huduma hiyo ilikuwa na sheria za Ohio na New York pamoja na sheria za kodi za serikali kuu. Mtu akiondoa majina ya kampuni na ukubwa wa mitambo, kilichobaki hakina tofauti kubwa na wingu la leo: kompyuta ya mtu mwingine, iliyo mbali, inayolipiwa kwa matumizi.

Tofauti moja, hata hivyo, ni kubwa. Kilichohifadhiwa katika kompyuta ile kilikuwa mali ya umma, yaani sheria na hukumu. Faili la mteja lilibaki ofisini. Kwa zaidi ya miaka 20 mawakili wa Marekani walitumia mashine ya mbali kutafuta sheria na mashine ya karibu kuandika hati za wateja, na ukuta kati ya mambo hayo mawili haukuguswa. Ulianza kuvunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na hasa baada ya 2006. Mwaka 2008 huduma ya Clio ilianzishwa Vancouver, Kanada, kwa ajili ya kusimamia majalada, kalenda na ankara za ofisi ya wakili kwa njia ya intaneti. Soko lake la kwanza lilikuwa mawakili wanaofanya kazi peke yao au katika ofisi ndogo, wasio na fundi wa kompyuta wala fedha za kununua seva. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Ofisi kubwa zilikwisha kuwekeza katika vyumba vya seva na hazikuona haraka ya kuviacha.

Vyama vya mawakili vilishtuka. Swali lililoulizwa lilikuwa la zamani katika vazi jipya: je, wakili anayeweka siri ya mteja katika kompyuta ya mtu mwingine ameivunja siri hiyo? Chama cha mawakili cha North Carolina kilitoa maoni rasmi ya kimaadili ya mwaka 2011 kwamba wakili anaweza kutumia huduma hizo mradi achukue tahadhari za kutosha. Baraza la vyama vya mawakili vya Ulaya lilitoa mwongozo wake mwaka 2012. Mwaka huohuo wa 2012, Chama cha Mawakili wa Marekani kilirekebisha maelezo ya kanuni zake za mfano ili umahiri wa wakili uhusishe pia kuelewa faida na hatari za teknolojia anayoitumia. Msimamo uliojitokeza katika nyaraka hizo zote ni mmoja: kuweka si kosa, kosa ni kuweka bila kuuliza. Wakili aliruhusiwa kumkabidhi mwingine jalada kama alivyomkabidhi karani, lakini jukumu halikuhama pamoja na jalada.

4.0 Mikongo ya mwaka 2009

Mjadala huo ulipokuwa ukiendelea ng'ambo, Afrika Mashariki ilikuwa haijaufikia kwa sababu rahisi. Hadi mwaka 2009 pwani yote kuanzia Somalia hadi mpaka wa Afrika Kusini haikuwa imeunganishwa na mkongo wa bahari wa mawasiliano wa kimataifa. Intaneti ilipita kwenye satelaiti, kwa bei kubwa na mwendo wa kinyonga. Mkongo wa SEACOM ulianza kutoa huduma Julai 2009, ule wa TEAMS ukaingia Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ili kuyafikisha mawasiliano hayo mikoani. Ni baada ya hapo tu ndipo ilipokuwa na maana kumwambia wakili wa Mwanza kwamba anaweza kuhifadhi jalada lake mbali.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba mawakili walikaa vikao wakaamua kuingia kwenye wingu. Wingu liliingia ofisini bila kubisha hodi. Lilianza na anwani ya bure ya barua pepe, ambayo wakili aliitumia kupokea rasimu ya mkataba kutoka kwa mteja. Likaendelea na simu ya mkononi iliyohifadhi picha za vielelezo katika akaunti ya mwenye simu, na makundi ya ujumbe wa simu ambamo hati za kiapo zilipitishwa kutoka kwa wakili kwenda kwa karani na kurudi. Kila moja ya njia hizo ni wingu. Tofauti yake na huduma iliyonunuliwa kwa mkataba ni kwamba hakuna aliyesoma masharti, hakuna aliyejua nani ana nywila, na mfanyakazi alipoacha kazi aliondoka na akaunti yake pamoja na hati za wateja. Historia rasmi ya teknolojia katika ofisi za mawakili mara nyingi huanza na ununuzi wa mfumo. Historia halisi ilianza na anwani hiyo ya bure.

5.0 Mahakama zinatangulia

Nchini Tanzania mlango wa kisheria ulifunguliwa na mahakama kabla ya Bunge. Katika shauri la Trust Bank Tanzania Ltd dhidi ya Le-Marsh Enterprises Ltd na wenzake, shauri la kibiashara namba 4 la mwaka 2000, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikubali kwamba taarifa za benki zilizotolewa na kompyuta zingeweza kupokewa kama ushahidi, ingawa sheria iliyokuwapo iliwaza vitabu vya karatasi. Bunge lilifuata mwaka 2007 kwa marekebisho ya Sheria ya Ushahidi, na mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Kisha zikaja Kanuni za usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali namba 148. Kwa kanuni hizo, hati iliyotumwa kabla ya saa sita usiku ilihesabiwa kuwa imewasilishwa siku hiyo. Kwa wakili aliyezoea kukimbia na karani wake kuwahi dirisha la masjala kabla halijafungwa saa tisa na nusu alasiri, kanuni hiyo fupi ilibadilisha maana ya siku ya mwisho.

Mfumo wa kwanza uliotumiwa na Mahakama ya Tanzania kwa kazi hiyo ulirithiwa na mfumo mpana zaidi wa usimamizi wa mashauri ulioanza kutumika mwishoni mwa 2023. Pamoja na hayo, hukumu zilianza kuwekwa wazi kwenye tovuti ya TanzLII, bila malipo. Athari yake kwa usawa wa mawakili haijaandikwa vya kutosha. Ile hazina ya hukumu zisizochapishwa, iliyokuwa nguvu ya ofisi kubwa, ilipoteza thamani yake ndani ya miaka michache. Mwanafunzi wa sheria wa Mbeya mwenye simu anaweza leo kusoma hukumu ya Mahakama ya Rufani siku ileile iliyowekwa, sawa na mbia mwandamizi wa ofisi ya ghorofani jijini Dar es Salaam. Nchini Kenya kazi ya namna hiyo ilifanywa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ambalo tovuti yake imekuwa chombo cha kila siku cha mawakili na mahakimu.

Kilichoharakisha mambo Kenya kilikuwa maradhi. Mwezi Machi 2020 shughuli za mahakama zilipunguzwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19. Mwezi huohuo Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ilitambua saini za kielektroniki katika maeneo ambayo awali yalidai wino. Tarehe 1 Julai 2020 mahakama za Nairobi zilianza kupokea hati kwa njia ya kielektroniki, na mwezi Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akazindua upanuzi wa mfumo huo kwa nchi nzima. Mashauri yalisikilizwa kwa video. Mawakili ambao kwa miaka mingi walisema kwamba wateja wao hawataki mambo ya mtandao walijikuta, ndani ya wiki chache, wakiwa na hiari ya kujifunza au kufunga ofisi.

Katika hatua hiyo ndipo pengo lilipoonekana. Mahakama ilikuwa na jalada la kielektroniki, lakini ofisi ya wakili bado ilikuwa na kabati. Hati ilichapwa kwenye kompyuta, ikatolewa kwenye karatasi, ikasainiwa, ikachanganuliwa na kurudishwa kwenye kompyuta, kisha ikatumwa, na karatasi ikarudishwa kabatini. Ofisi ililipa gharama ya mifumo miwili na kupata faida ya nusu mfumo.

6.0 Kumbukumbu ya rufaa kama kipimo

Faida ya wingu inaeleweka zaidi ikipimwa kwa kazi moja mahususi kuliko kwa orodha ya sifa. Kazi hiyo kwa wakili wa Tanzania inaweza kuwa uandaaji wa kumbukumbu ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani. Kanuni ya 96 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inataja hati zinazotakiwa kuwamo, miongoni mwake hati za madai, mwenendo wa shauri, viapo, vielelezo, hukumu, tuzo na taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Kwa miaka mingi upungufu wa hati moja muhimu ulitosha kufanya rufaa iondolewe. Mteja aliyesubiri miaka kadhaa aliambiwa kwamba haki yake haikusikilizwa kwa sababu kielelezo kimoja hakikuwamo kwenye kitabu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, yaliyoleta kanuni ya kuzingatia haki zaidi ya ufundi, na marekebisho ya kanuni ya mwaka 2019 yaliyoruhusu kumbukumbu ya nyongeza, yalipunguza ukali huo. Hayakuondoa wajibu wa kuwa na hati.

Katika ofisi ya karatasi, vielelezo vya shauri la miaka 8 vimetawanyika. Kimoja kiko kwa wakili aliyeshughulikia shauri mwanzoni na sasa amehama, kingine kimebandikwa nyuma ya jalada la shauri dogo linalohusiana, na cha tatu kiko kwa mteja. Katika hifadhi ya wingu iliyopangwa vizuri, kila hati iliingizwa siku ilipopokewa, ikapewa jina na tarehe, na mabadiliko yake yote yakahifadhiwa pamoja na jina la aliyeyafanya. Mawakili wawili, mmoja Arusha na mwingine Dodoma, wanaweza kufanyia kazi rasimu moja bila kutumiana nakala 7 zinazogongana. Tarehe za mwisho zinahesabiwa na kalenda inayoonekana na ofisi nzima, si na kumbukumbu ya mtu mmoja. Umbali nao umepungua: wakili wa Sumbawanga halazimiki tena kupanda basi usiku kucha ili kuwasilisha karatasi.

Kuna pia suala la umeme, ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka. Ofisi yenye seva yake katika chumba cha nyuma inahitaji kiyoyozi, jenereta na fundi. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011 nchini Tanzania, seva kama hizo zilikuwa mzigo. Jalada lililo mbali linaendelea kuwa hai umeme unapokatika, na wakili hulifikia kwa simu au kompyuta ndogo yenye chaji. Vivyo hivyo kwa maafa. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwezi Agosti 2005, maji yalijaa katika chumba cha chini cha jengo la mahakama ya jinai ambamo vielelezo vilihifadhiwa, na mashauri mengi yakaathirika. Mafuriko ya Msimbazi hayahitaji kimbunga cha namna hiyo kuufikia mlango wa ofisi ya chini.

Gharama inahitaji maneno ya tahadhari. Kinachosemwa na wauzaji, kwamba wingu ni nafuu, ni kweli mwanzoni. Ofisi ya mawakili 3 hainunui seva bali inalipa ada ya mwezi kwa kila mtumiaji. Lakini ada nyingi hutozwa kwa dola, na shilingi inaposhuka ada hupanda bila mkataba kubadilishwa. Aidha, ada haina mwisho. Kabati likinunuliwa limenunuliwa. Wingu likiacha kulipiwa hufungwa, na majalada yamo ndani.

7.0 Siri iko wapi?

Wapinzani wa wingu miongoni mwa mawakili wana hoja moja yenye uzito, nayo ni siri ya mteja. Hoja hiyo hutolewa kana kwamba chumba cha seva ofisini ni ngome. Historia ya karibuni haikubaliani nayo. Mwezi Aprili 2016 ulimwengu ulisoma habari zilizotokana na nyaraka milioni 11.5 za ofisi ya mawakili ya Mossack Fonseca ya Panama. Wataalamu waliochunguza mifumo iliyokuwa ikionekana mtandaoni walionyesha kuwa programu za tovuti zake zilikuwa za zamani, hazijasasishwa. Ofisi hiyo ilitangaza kufungwa mwezi Machi 2018. Tarehe 27 Juni 2017, programu haribifu ya NotPetya, iliyosambazwa kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine, iliingia katika mtandao wa DLA Piper, moja ya ofisi kubwa kabisa za mawakili duniani, na kuzima simu na barua pepe zake katika nchi nyingi. Ikiwa ofisi yenye maelfu ya mawakili haikuweza kuulinda mtandao wake, ofisi ya mawakili 2 yenye kompyuta moja isiyosasishwa tangu iliponunuliwa haina sababu ya kujiona salama zaidi.

Hata hivyo, kumkabidhi mlinzi hodari hakumalizi swali, kwa sababu mlinzi naye ana mtawala wake. Mwezi Desemba 2013 hakimu wa New York aliiamuru kampuni ya Microsoft itoe barua pepe zilizohifadhiwa katika kituo chake cha Dublin, Ireland. Kampuni ilipinga, na shauri likafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Kabla halijaamuliwa, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria mwezi Machi 2018 inayowataka watoa huduma walio chini ya mamlaka ya Marekani kutoa data wanazozimiliki au kuzidhibiti, popote zilipo. Kwa wakili wa Arusha anayemtetea mtu dhidi ya kampuni ya Marekani, au mbele ya mamlaka za nchi hiyo, hili si jambo la nadharia. Hapo ndipo usimbaji wa data kwa ufunguo unaobaki mikononi mwa ofisi yenyewe unapokuwa na maana. Mtoa huduma aliyeamriwa atatoa alichonacho, na alichonacho kitakuwa maandishi yasiyosomeka. Bei yake ni kwamba ufunguo ukipotea, jalada limepotea, na baadhi ya huduma za kutafuta maneno ndani ya hati hazifanyi kazi.

Sheria za nchi hizi mbili zimeingilia kati. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa mwezi Aprili 2024. Zote zimeweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Wakili, ambaye aghalabu huzisoma sheria hizo kwa niaba ya wateja wake wa benki na hospitali, ni mkusanyaji wa taarifa binafsi yeye mwenyewe. Jalada la talaka lina taarifa za afya, za mali na za watoto. Jalada hilo likihifadhiwa katika akaunti ya bure ambayo seva zake hazijulikani ziko nchi gani, ni vigumu kuona wakili atamjibu nini mteja atakayeuliza.

8.0 Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024

Siku hiyo mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Miezi michache kabla, mikongo kadhaa ilikuwa imeharibika katika Bahari ya Shamu, hivyo njia za kuzungukia zilikuwa chache kuliko kawaida. Ukarabati ulihitaji meli maalumu na ulichukua siku nyingi. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu, kile cha Microsoft kilichofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2019 na kile cha Amazon kilichofunguliwa Cape Town mwaka 2020, viko upande uleule mikongo hiyo ilikokatikia. Ofisi iliyochagua kuhifadhi majalada Afrika Kusini ili yawe karibu na nyumbani iliathirika kwa sababu ya uchaguzi huo.

Jumatatu yake masjala za mahakama zilifunguliwa kama kawaida, na siku za mwisho za kuwasilisha hati hazikusimama kusubiri meli. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilikwisha kuweka njia ya mhusika aliyekwamishwa na hitilafu ya mtandao kumwendea Msajili na kuomba muda. Lakini mtu anayemwendea Msajili anahitaji kuwa na hati mkononi. Ofisi zilizokuwa na mpangilio wa kunakili majalada yote ya wingu kila usiku kwenye diski iliyo ndani ya ofisi zilichapa hati zao na kumpa karani azipeleke mahakamani kwa miguu. Diski hiyo, katika ofisi zilizo makini, hufungiwa kwenye lile sanduku la chuma pamoja na hatimiliki na wosia.